Österreich: Mashariki ya Nani?

Katika maduka ya watalii mjini Vienna huuzwa fulana yenye alama ya barabarani ya rangi ya njano, katikati kangaruu, na chini yake maneno yanayosema kwamba Austria hakuna kangaruu. Inachekesha, lakini ukiifikiria vizuri utaona ni fulana ya watu waliochoka kuulizwa. Hata sisi kwa Kiswahili tunawachanganya, maana kati ya Austria na Australia tofauti ni herufi mbili tu. Wenyewe lakini hawaiiti nchi yao Austria. Kwa Kijerumani, ambayo ndiyo lugha yao, wanaiita Österreich.

Mimi nasoma isimu, mwaka wa tatu, na Kijerumani nimekichukua kama kozi ya hiari. Nimeamua kuandika kuhusu jina hili moja kwa sababu mbili. Kwanza, ni somo zuri la namna ya kuchimba asili ya jina la mahali bila kupiga ramli. Pili, humu chuoni, hasa msimu wa uchaguzi wa serikali ya wanafunzi ukikaribia, wapo wenzetu wanaopenda kuchambua majina ya makabila na kutoa hukumu papo hapo: jina lenu maana yake hivi, kwa hiyo ninyi ni watu wa kuja, kwa hiyo tulieni. Mchezo huo umewahi kuchezwa kwa jina la nchi nzima, na nchi hiyo ni Österreich. Tuone ulivyokwenda.

Vipande viwili vya jina

Tuanze na kulitamka, ili usije ukaogopa zile nukta mbili. Ö: sema "e" kama ya "embe", lakini midomo uiviringe kana kwamba unataka kusema "o". Kisha "ste". Kisha "raikh", na ile "kh" ya mwisho iwe laini, kama pumzi ya paka aliyekasirika. Ö-ste-raikh. Rudia mara tatu ukiwa peke yako hosteli, utazoea.

Jina lina vipande viwili. Cha kwanza, Öster, ni ndugu wa Kijerumani cha leo Ost na Osten, yaani mashariki. Kiingereza nacho kina neno hilohilo katika sauti yake, east. Ukirudi nyuma zaidi unafika kwenye shina la kale lililohusu kung'aa kwa mapambazuko, na Kilatini kilipata humo neno lake la alfajiri, aurora. Kwa hiyo mashariki ya watu hawa ni kule kunakopambazuka. Hatuna haja ya kushangaa, kwa kuwa sisi tumefanya vilevile. Mashariki yetu imetoka katika Kiarabu, kwenye shina la kuchomoza kwa jua, na kando yake tuna neno letu wenyewe, macheo, kutoka kitenzi kucha.

Kipande cha pili, Reich, ndicho kinachowatisha watu. Wengi wetu tumelisikia neno hili kwenye filamu na vipindi vya historia, likiwa na Hitler mbele na bendera nyekundu nyuma. Basi mtu akiona Österreich, anahitimisha: kumbe hawa ndani ya jina lao wamebeba dola la Kinazi. Hapana. Neno ni la kale kuliko Unazi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika Kijerumani cha kale lilikuwa rīhhi, na maana yake ilikuwa eneo lililo chini ya mtawala fulani, himaya yake, liwe kubwa au dogo. Wanaisimu wanakubaliana kwamba lugha za Kijerumani zililiazima mapema sana kutoka kwa majirani zao Waselti, ambao mfalme walimwita kwa neno la ukoo mmoja na rex ya Kilatini. Ile "rix" iliyo mwishoni mwa jina la Vercingetorix, chifu wa Wagali aliyepigana na Julius Caesar, ni neno hilohilo.

Kijerumani cha leo kimejaa reich zisizo na kosa lolote. Himmelreich ni ufalme wa mbinguni, ule tunaousikia kanisani. Tierreich ni himaya ya wanyama, ile ya vitabu vya baiolojia. Erdreich ni udongo tu, wa kupandia mchicha. Na Ufaransa, ambayo ni jamhuri isiyo na mfalme tangu karne ya 19, Wajerumani mpaka leo wanaiita Frankreich, himaya ya Wafranki.

Hapo kwenye Frankreich pana jambo zuri la kulinganisha. Sisi nchi nyingi tunaziunda kwa kuchukua jina la watu na kuliwekea U: Wafaransa, Ufaransa, Wajerumani, Ujerumani, Wasukuma, Usukuma. Frankreich imejengwa hivyohivyo, watu kwanza, nchi baadaye. Österreich haikujengwa hivyo. Ndani yake hamna watu. Hamna kabila, hamna mlima, hamna mto, ingawa nchi ina milima na mto Danube unaipita. Kuna uelekeo tu: himaya ya mashariki. Sasa mtu mwenye akili zake lazima aulize: mashariki ya nani?

Hati ya mwaka 996

Maandishi ya kwanza tunayoyajua yanayolitumia jina hili kwa eneo la Austria ni hati ya tarehe 1 Novemba 996. Aliyeitoa ni Kaisari Otto III, aliyekuwa na miaka 16, umri ambao sisi wengi tulikuwa bado tunahangaika na kidato cha tatu au cha nne. Yeye alikuwa anagawa ardhi. Kwa hati hiyo alilipa kanisa la Freising, lililoko Bavaria, mali katika mahali panapoitwa leo Neuhofen an der Ybbs, pamoja na vipande 30 vya ardhi vya kipimo cha kifalme. Hati imeandikwa kwa Kilatini, na karani aliyeiandika ameeleza kwamba eneo hilo, kwa lugha ya watu wa kawaida, huitwa Ostarrichi.

Zingatia mambo mawili hapo. La kwanza ni hilo la lugha ya watu wa kawaida. Karani ana Kilatini chake cha ofisini, lakini akitaka ardhi ijulikane bila ubishi inabidi aandike jina lililo midomoni mwa wakulima. Ni kama hati ya kiwanja ya kwetu inayoandikwa kwa lugha ya sheria, halafu mipaka inatajwa kwa jina la korongo analolijua mwenyekiti wa kijiji. Jina hili halikubuniwa kwenye kasri. Lilikuwepo mitaani, karani akalinasa.

La pili ni kwamba hati hiyo leo haipo Austria. Imehifadhiwa Munich, Bavaria, nchini Ujerumani. Na hilo ndilo jibu la swali letu. Ostarrichi ilikuwa mashariki ya Bavaria. Wakati ule eneo lile lilikuwa pembezoni mwa himaya ya watawala wa Bavaria, likiangalia upande wa Wahungaria, na likitawaliwa tangu mwaka 976 na ukoo wa Babenberg kama mkoa wa mpakani. Mtu aliyesimama Bavaria akinyoosha mkono kuelekea jua linakochomoza alikuwa anaionyesha nchi ile. Mwaka 1156 Kaisari Friedrich Barbarossa aliitenga na Bavaria na kuifanya utawala unaojitegemea. Uhusiano na Bavaria ukakatika, lakini jina lililotoka Bavaria likabaki.

Wapo waliojaribu kulieleza jina kwa njia nyingine, kwamba lilitokana na neno la Kislavi la kilima chenye ncha. Wanaisimu wengi hawakuwafuata, na sababu yao inatufundisha kazi. Neno Ostarrichi halikuzaliwa mwaka 996. Zaidi ya miaka mia moja kabla, katika karne ya 9, mtawa Otfrid wa Weissenburg alikuwa ameshalitumia katika shairi lake la Injili, na yeye alimaanisha ufalme wote wa Wafranki wa mashariki, yaani sehemu kubwa ya nchi iliyokuja kuitwa Ujerumani. Ukirudi nyuma tena, kati ya karne ya 6 na ya 8, Wafranki walikuwa na sehemu ya mashariki ya himaya yao iliyojulikana kama Austrasia. Iko wapi Austrasia kwenye ramani ya leo? Kaskazini mashariki mwa Ufaransa, Ubelgiji, na magharibi mwa Ujerumani!

Unaona basi. Mashariki imehama. Kwanza ilikuwa karibu na mto Rhine, kisha ikawa Ujerumani nzima, kisha ikatua bondeni mwa Danube. Kila mara watawala walipoelekea kule jua linakochomoza, mashariki ilisogea mbele yao kama upinde wa mvua unaoukimbilia. Ilipofika Austria ikaganda, kwa sababu safari hii watu walilishika jina, likawa lao.

Mfano wa nyumbani

Mimi ni mtoto wa Usukumani, kwa hiyo jambo hili halikunipa shida kulielewa. Kwa Kisukuma, sukuma ni kaskazini. Dakama ni kusini. Wasukuma, kwa maana ya neno, ni watu wa kaskazini. Kaskazini ya nani? Ya ndugu zetu Wanyamwezi, walio upande wa Tabora. Ukisimama Tabora ukatazama Shinyanga na Mwanza, unatazama sukuma. Nao walio kusini kwetu sisi tukawaita Wadakama. Hakuna aliyejiita mwenyewe kwa uelekeo, maana mtu akiwa kwake yuko katikati. Kaskazini na kusini ni majina unayopewa na jirani.

Sasa rudi kwenye ule mjadala wa uchaguzi. Nimewahi kusikia kwenye kijiwe cha kahawa mtu anasema, eti kwa kuwa Wasukuma maana yake ni watu wa kaskazini, basi huo ni ushahidi kwamba walitoka kaskazini, si wenye nchi. Hoja inasikika ya kitaalamu, na aliyeitoa aliitoa kwa sauti ya mhadhiri. Lakini jina halisemi walitoka wapi. Linasema walikuwa upande gani wa mtu aliyewaita. Mtu wa Österreich hakutoka mashariki. Alikuwa amekaa kwake, jirani yake wa magharibi akamnyooshea kidole.

Jua na upepo

Na Australia je? Hapa ndipo pana utamu, kwa sababu majina yale mawili yanafanana sura lakini maana zake zimetazama pande tofauti.

Makarani wa karne ya 12 walihitaji namna ya kuliandika jina la Kijerumani ndani ya Kilatini. Wakachukua sauti ya kipande cha mashariki, wakaivisha mkia wa Kilatini, ikawa Austria. Yaani Austria ni neno la Kijerumani lililovaa joho la Kilatini. Australia ni Kilatini tangu tumboni. Kilatini kilikuwa na neno auster, jina la upepo unaovuma kutoka kusini. Kutoka humo likapatikana australis, "ya kusini", na wachora ramani wa Ulaya wakaitumia kuitaja nchi ya kusini waliyoiwazia kabla hawajaifikia.

Mswahili anapaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Kusini yetu imetoka kusi, upepo unaovuma kutoka upande huo. Kaskazini yetu imetoka kaskazi, upepo uliozileta dau na jahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Mashariki na magharibi tumezipata kwa jua, kaskazini na kusini kwa upepo, kama walivyofanya watu wengine duniani waliokuwa na mashamba ya kulima na bahari ya kusafiria. Kwa hiyo ukitaka kukumbuka milele: Austria ni ya jua, kama mashariki, Australia ni ya upepo, kama kusi. Mtihani wa jiografia ukija, hutakosea.

Tena si wote duniani wanaoiita nchi hii kwa mashariki. Wafini wamelitafsiri jina: Itävalta, dola ya mashariki. Wacheki wanaiita Rakousko, kutoka jina la ngome ya mpakani ya Raabs, kwa sababu kwao hicho ndicho kitu cha kwanza walichokutana nacho walipovuka. Kwa Kiarabu ni an-Nimsa, jina lililotokana na neno la Waslavi la kuwaita Wajerumani, ambalo nalo linahusishwa na ububu: watu ambao ukizungumza nao huwaelewi. Kila jirani ameandika pale aliposimama.

Jina lililofutwa

Sasa tufike kwenye mchezo niliousema mwanzoni.

Tarehe 12 Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Kesho yake sheria ilitangaza kwamba nchi hiyo sasa ni sehemu ya Ujerumani. Hitler mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Austria, wa mji wa Braunau am Inn, mwaka 1889. Ungetegemea angalau jina la alikozaliwa angeliheshimu. Lakini jina Österreich lilimkera, kwa sababu kila lilipotamkwa lilikumbusha kwamba palikuwa na nchi nyingine yenye historia yake.

Kwa hiyo wakalichimba jina. Wakasema, katika Kilatini cha zamani eneo hili lilitajwa kama mkoa wa mpakani wa mashariki, basi tulirudishe kwenye asili yake: Ostmark. Mark ni mpaka. Yaani wakatumia historia ya neno kuishusha nchi kuwa uzio wa nchi nyingine. Majimbo yakabadilishwa pia. Niederösterreich na Oberösterreich, Austria ya Chini na ya Juu, zikaitwa Niederdonau na Oberdonau kwa jina la mto Danube, ili sauti ya Österreich isisikike hata kwenye anwani ya barua. Mwaka 1942 hata Ostmark ikaonekana inakumbusha umoja wa zamani, ikaondolewa nayo, na eneo lote likaitwa mikoa ya Alpi na Danube.

Wapenzi wa mpira watalielewa jambo hili haraka. Austria ilikuwa imeshafuzu kucheza Kombe la Dunia la 1938 kule Ufaransa. Timu ikafutwa pamoja na nchi, na Uswidi, waliopangwa kucheza nayo, wakavuka raundi ya kwanza bila kugusa mpira. Kabla ya hapo, tarehe 3 Aprili 1938, ilichezwa mechi ya kuaga mjini Vienna dhidi ya Ujerumani. Waaustria walishinda 2-0, na mmoja wa wafungaji alikuwa nahodha wao Matthias Sindelar.

Jina lililokatazwa lilipata mahali pa kujificha. Kikundi cha wapinzani wa Wanazi kilijiita O5. Hesabu mwenyewe: O, kisha herufi ya tano ya alfabeti, ambayo ni E. OE ndiyo namna ya kuandika Ö usipokuwa na nukta. Ö ya Österreich. Alama hiyo ilichongwa kwenye ukuta wa kanisa kuu la Mtakatifu Stefano mjini Vienna, na ipo mpaka leo karibu na mlango mkuu. Tarehe 27 Aprili 1945, vita ikiwa bado haijaisha, tamko la uhuru lilitolewa Vienna, na Österreich ikarudi.

Lakini hadithi ikiishia hapo itakuwa imeongopa. Hitler alipohutubia Vienna tarehe 15 Machi 1938, uwanja wa Heldenplatz ulifurika watu wakimshangilia. Waaustria wengi walijiunga na chama chake na kutumika katika majeshi na kambi zake, na Wayahudi wa Austria takriban 65,000 waliuawa. Baada ya vita, jina lililorudi likageuka pia kuwa pazia. Kwa kuwa Austria haikuwepo kwenye ramani kati ya 1938 na 1945, ikawa rahisi kusema kwamba Austria haikufanya kitu, ilifanyiwa tu. Ilipita karibu nusu karne mpaka Julai 1991, Kansela Franz Vranitzky aliposimama bungeni na kukiri kwamba raia wa nchi yake walikuwa na sehemu yao katika maovu yale.

Hilo linanifikirisha kuliko yote. Jina likifutwa, wenyewe huumia. Na jina lilelile, likishasafishwa, linaweza kutumika kuficha waliofanya mabaya wakiwa chini ya jina jingine.

Na sisi tuliitwa Ost

Msomaji atauliza, haya yote yanatuhusu nini sisi tunaosubiri bumu? Yanatuhusu kwa njia zaidi ya moja.

Jina la Austria lilifika pwani yetu zamani kidogo, kwa fedha. Sarafu ya Maria Theresa, iliyopigwa kwa mwaka 1780 na kuendelea kupigwa kwa tarehe hiyohiyo hata baada ya malkia huyo kufa, ilitumika Oman, Uhabeshi na Zanzibar. Wazee waliiita reale. Katika maandishi ya pembezoni mwake kuna herufi AVST., kifupi cha Austria. Wafanyabiashara wa karafuu na pembe walilishika jina hilo mkononi bila kuwa na haja ya kulisoma. Walichokitaka ni uzito wa fedha.

Jina jingine lilikuja bila kuombwa. Mwaka 1888 msafara wa Teleki na von Höhnel, kutoka Austria-Hungaria, ulifika kwenye ziwa kubwa kaskazini mwa Kenya ya leo, ukaliita Ziwa Rudolf, kwa heshima ya mrithi wa kiti cha kifalme kule Vienna. Rudolf alikufa mwaka uliofuata bila kuliona. Waturkana na majirani zao walikuwa na majina yao wakati wote huo. Ilibidi wasubiri hadi 1975 serikali ya Kenya ilipolibadilisha kuwa Ziwa Turkana.

Na nchi hii tunayokalia, kabla Waingereza hawajaiita Tanganyika mwaka 1920, Wajerumani waliiandika Deutsch-Ostafrika. Ost ileile! Tulikuwa mashariki ya mtu aliyesimama mbali kuliko Bavaria. Leo lakini tunayo Jumuiya ya Afrika Mashariki, tumeiunda wenyewe, na wimbo wake tunauimba. Tena tangu 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama, na Kongo ina ufukwe kwenye Bahari ya Atlantiki. Yaani Afrika Mashariki sasa inanawa miguu katika bahari ya magharibi. Kwa dira ni kichekesho. Kwa watu wanaofanya biashara kati ya Goma, Kigali na Dar es Salaam ni jambo la kawaida kabisa, kwa sababu jina limeshaacha kuwa uelekeo, limekuwa anwani ya jamaa. Österreich ilishapita njia hiyo: mji wa Prague, uliohesabiwa kuwa wa mashariki miaka yote ya Vita Baridi, kwenye ramani uko magharibi ya Vienna.

Maswali matatu ya kwenda nayo

Etimolojia, yaani elimu ya asili ya maneno, ina kanuni nyingi za sauti ambazo sitakuchosha nazo. Lakini kwa jina la mahali au la watu, jiwekee maswali matatu, uyajibu kwa mpangilio huu.

1. Nani alilitamka kwanza, na alikuwa amesimama wapi? Kwa Österreich: majirani wa upande wa Bavaria, wakitazama mashariki.

2. Neno lilimaanisha nini siku ile, siyo leo? Reich ya mwaka 996 ilikuwa himaya ya mtawala, haikuwa dola la Hitler.

3. Nani amelitunza, nani alitaka kulifuta, na kwa faida ya nani? Hapa Ostmark ndipo ilipopita, na hapa ndipo O5 ilipochongwa ukutani.

Wenye haraka hujibu la kwanza wakaanza kutoa hukumu. Waliolibuni jina Ostmark walikuwa na wasomi waliojua Kilatini vizuri tu, na walichokisema kuhusu mkoa wa mpakani wa zamani hakikuwa uongo wote. Uovu ulikuwa katika kuchukua mahali lilipoanzia jina na kulifanya cheti cha kuwanyima watu nchi yao.

Kwa hiyo zoezi ni hili. Chukua jina la kwenu, la wilaya, la kabila, au la kata tu, ulipitishe kwenye maswali hayo matatu. Uliza bibi na babu kabla hujauliza intaneti, na uulize pia majirani wa kwenu, maana mara nyingi wao ndio waliowapa jina. Na siku mtu atakaposimama kwenye kampeni akakwambia kwamba maana ya jina lenu inaonyesha ninyi si wa hapa, muulize kwa upole: aliyetuita hivyo alikuwa amesimama wapi?